Gego la Chuma

Mzee Ndewirwa alimleta Jumatatu asubuhi
kwa kamba ya katani, miguu yote minne ikigoma kizingitini.
Chuma, ndilo jina. Mlinzi wa ghala la kahawa kule Njoro.
Usiku, ukimya ukimzidi, hutafuna mnyororo.

Nikauliza, haleni tangu lini?
"Anakula," akasema. "Anakula vizuri tu.
Ila upande mmoja."
Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya chumvi,
kiganja chake mwenyewe kikiwa shavuni.

Chini ya jicho la kulia, uvimbe sawa na ndimu,
umetoboka, usaha mwembamba unafuata manyoya hadi kidevuni.
Wengi hudhani ni jicho. Si jicho.
Ni gego la juu, lile kubwa, shoka la mifupa:
limepasuka kama kikombe cha udongo,
na katikati ya ufa kuna tundu jeusi.
Miaka sita analinda mlango wa watu,
wake hauna bawabu.

Daktari Eliakunda akamlaza kwa sindano.
Kazi yangu mimi ni pamba tu:
kijiti chembamba ndani ya tundu, mara moja, ulimi usiguswe,
halafu mbio, kwenye chupa, kifuniko,
maana hawa ninaowawinda, hewa kwao ni moto.
Hii hii ninayoivuta nikiandika,
hii inayoshuka baridi toka mlimani kabla ya jogoo,
sisi tunaiita uzima.

Sikuwahi kuzoea wazo hilo.
Kwamba yupo anayekimbia upepo.
Kwamba aliishi siku zote kwenye mfereji wa fizi,
mpangaji mpole, hana kelele, hana kodi,
hadi usiku mmoja chuma kilishinda jino,
akaona chumba cha ndani kimefunguka:
giza, joto, damu, hakuna dirisha.
Akawaita ndugu zake wahamie.

Siku ya kwanza sahani kimya.
Ya pili umeme ulikatika toka Pasua hadi Soweto,
nikakizungushia kiatamio blanketi langu la zamu
kama mtu anayelalia mayai ya adui.
Ya tatu, ukungu mwembamba juu ya damu ya kondoo.
Ya tano, madoa. Meusi, yanang'aa,
mbegu za papai zilizotawanywa na mtoto.

Chini ya hadubini ni vijiti vifupi, vinene, vimelaliana.
Nimewanywesha zambarau, wameitapika;
nimewapa nyekundu, wameishika.
Ni wazuri. Nasema kweli, na sijui nimwambie nani.
Uso wa mbwa ulikuwa unaoza,
na mimi nimeshika pumzi kwa uzuri wao.

Mzee alirudi kuchukua dawa.
Akaomba na gego. Nikampa, mizizi mitatu mirefu,
akalifunga kwenye gazeti, akalitia mfuko wa shati.
"Hao wadudu," akasema, "hawakumfanya hata alie?"
Hakulia, mzee.
"Hata mimi silii. Natia karafuu."
Nikamwelekeza hospitali ya meno ilipo, ng'ambo ya barabara.
Akacheka kwa upande mmoja.
Sikuona kama alivuka.

Wiki iliyofuata alipiga simu. Uvimbe umekwisha,
mnyororo kauza kwa wa vyuma chakavu,
Chuma sasa anafungwa kwa kamba.
Na kamba je?
"Anaitafuna."

Ijumaa ni siku ya kuchoma sahani.
Nilizipanga zote kwenye ndoo, ya Chuma nikaibakiza.
Dirishani mlima ulikuwa umejifunika, kama kawaida yake.
Nikakaa nayo kidogo mapajani,
madoa yale meusi yakiniangalia bila macho,
kisha nikafungua kifuniko,
hewa ikaingia.